Kompyuta ni somo, si kuchapa barua tu

KILA matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, baadhi ya wazazi hunijia kutaka ushauri. Mama mmoja alikuja na kijana wake aliyesoma mchepuo wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Kijana alitaka kusomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, akakosa nafasi kwa kuwa hakuwa na Hisabati ya kidato cha sita. Mama akatoa cheti kwenye bahasha, akaniuliza: "Ustadhi, mbona kompyuta ameisoma miezi mitatu na amefaulu?"

Nilikitazama cheti kile. Kijana alifundishwa kuchapa barua, kupanga majedwali na kutumia intaneti. Hayo yana manufaa, lakini dereva si fundi.

Somo la kompyuta ni nini basi? Ni elimu ya kulichambua tatizo na kuligawa katika hatua zilizo wazi, kiasi kwamba hata mashine isiyo na akili iweze kuzifuata. Na hilo, ndugu zangu, wanafunzi wetu wameshalionja katika mirathi.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto wa kiume na wa kike, hana mrithi mwingine. Hatua ya kwanza, toa gharama za mazishi na madeni. Ya pili, toa wasia, usizidi theluthi moja. Ya tatu, uliza: marehemu ana mtoto? Kama anaye, mke apewe 1/8. Kama hana, apewe 1/4. Ya nne, kinachobaki wagawiwe watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Zikibaki shilingi milioni 24 baada ya deni na wasia, mke atapata milioni 3, mwana milioni 14 na binti milioni 7.

Hukumu za mafungu haya zimo katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12. Lile swali la "kama anaye, kama hana" ndilo mwandishi wa programu analoliandika kila siku. Darasani kwangu mwanafunzi mmoja aliziandika hatua hizo vizuri. Nikamuuliza: "Na wake wakiwa wawili?" Akakuta amempa kila mmoja 1/8, ilhali wanagawana hiyo moja. Akarudi kusahihisha. Kusaka kosa namna ile ni nusu ya kazi ya kompyuta.

Wala si jambo geni kwetu. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad, aliandika mnamo mwaka 820 kitabu kilichoipa dunia neno aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi. Jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kulipa ada iulize shule maswali matatu. Je, somo la kompyuta linafanyiwa mtihani wa taifa wa kidato cha nne? Je, wanafunzi wanaandika programu au wanachapa tu? Je, chumba cha kompyuta kinafunguliwa kwa wanafunzi, au kwa wageni? Nimepata kufundisha shule ambayo kompyuta zilifunikwa vitambaa mwaka mzima.

Kisha mhimize mtoto, wa kiume na wa kike, asiikimbie Hisabati anapochagua mchepuo. Shule isiyo na kompyuta za kutosha ianze na karatasi na kalamu; mirathi tunaifundisha hivyo hivyo.

Kijana yule ilibidi aanze upya kutafuta Hisabati akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Miaka miwili ya umri wake imekwenda kwa jambo ambalo sisi walimu na wazazi tungemweleza kwa dakika tano alipokuwa kidato cha nne. Tusiwanyime wengine dakika hizo.

Wabillahi tawfiq.