Dondoo muhimu: Tembea korongoni, kisha nenda mkutanoni

Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, kuna korongo linalofanana na jangwa wakati wa kiangazi: nguzo ndefu za udongo, mchanga mkavu, kivuli cha kutafuta. Fika asubuhi. Beba maji lita 2 kwa kila mtu na kofia pana. Mawingu meusi yakitanda upande wa juu, toka korongoni hata kama ulipo jua linawaka. Usiegemee nguzo, na mashoka ya mawe ya kale yaache yalipolala.

Ukienda Mbeya, ziwa Ngosi linadai koti la mvua na viatu visivyoteleza.

Mtembeaji huona mengi, hata karibu na nyumbani. Ukikuta shamba limesogezwa hadi ukingoni mwa chanzo cha maji kijijini kwenu, piga picha na uandike tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo. Jambo hilo lipeleke mkutanoni: kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mwone mtendaji wa kijiji mapema ili hoja yako iingie kwenye ajenda. Ukingoja “mengineyo”, nusu ya watu wameshaondoka. Sema kwa kifupi, taja eneo, pendekeza hatua, kisha omba iandikwe kwenye muhtasari. Mkutano unaofuata, uliza utekelezaji umefikia wapi.