Picha, Taswira au Kipimo? Kuzitaja Setilaiti za Rada kwa Kiswahili

Katika Haut-Katanga, kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, mawingu hufunika anga siku nyingi. Setilaiti yenye kamera ikipita juu ya Lubumbashi wakati huo, mara nyingi huambulia mawingu tu. Setilaiti ya rada haizuiliwi na mawingu wala giza. Zamani vyombo hivyo vilikuwa hasa vya serikali na mashirika makubwa: Sentinel-1A ya Ulaya, iliyorushwa mwaka 2014, ina uzito wa zaidi ya tani 2. Mwaka huohuo kampuni ya ICEYE ilianzishwa Ufini, na Januari 2018 setilaiti yake ya kwanza ilirushwa ikiwa na uzito usiofika kilo 100. Leo Capella Space na Umbra za Marekani, pamoja na Synspective na iQPS za Japani, ziko katika biashara hiyohiyo. Bidhaa zao tumezoea kuziita "picha". Makala haya yanauliza kama jina hilo linafaa.

1. Maneno yalivyotufikia

"Rada" ilianza kama kifupisho cha Kiingereza, ikageuka nomino ya kawaida. Kiswahili kimedondosha r ya mwisho ili neno liishie na irabu. "Setilaiti" nayo imepitia Kiingereza, lakini hapa Lubumbashi, chuoni hata sokoni Kenya, "sateliti" ya njia ya Kifaransa ndiyo iliyo karibu na ulimi. Njia ni mbili, maana ni moja. Tatizo liko kwenye "picha".

2. Picha na mwangwi

Kupiga picha, au foto kama tunavyosema mjini, ni kupokea mwanga unaotoka kwenye kitu. Rada haitegemei jua: hutuma mawimbi yake yenyewe, kisha hupokea yanayorudi. Kiswahili kina neno la jambo hili, nalo ni mwangwi. Maji yaliyotulia huyaelekeza mawimbi upande mwingine, kwa hiyo ziwa hutokea jeusi. Lami laini nayo hutokea nyeusi kwa sababu hiyohiyo. Kuta za nyumba huyarudisha kwa nguvu, zikang'aa. Anayesoma taswira hiyo kama foto anaweza kudhani uwanja wa ndege ni bwawa.

3. Kuona na kupima

Tarehe 22 Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama, kwa kuwa vipimo vya matetemeko na vya kusogea kwa ardhi vilionyesha kuwepo kwa magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, chini ya mji. Setilaiti za rada zilikuwa miongoni mwa vyanzo vya vipimo hivyo. Mwangwi wa siku moja hulinganishwa na wa siku nyingine, na ardhi ikisogea hata sentimita chache, tofauti hujitokeza. Hakuna jicho lililoiona magma hiyo. Wataalamu walipima, wakafasiri, viongozi wakaamua.

Inaweza kudaiwa kwamba "kuona" kwa Kiswahili ni pana: tunaona njaa, na "naona" huweza kumaanisha "nadhani". Ni kweli, ila upana huo unategemea mtenda kuwa mtu. Tukisema "sateliti imeona", msikilizaji huelewa ushahidi wa macho, tena wa shahidi asiyekuwa na maslahi.

4. Pendekezo

Tunapendekeza "taswira ya rada" kwa bidhaa, "mwangwi" kwa kinachopokelewa, na "kupima" kwa kitendo. Faida yake si ya kamusi tu. Tuchukue mfano wa mkazi wa Kolwezi, jirani na mgodi, anayeelezwa kwamba ardhi ya nyumba yake haijasogea. Akiambiwa "sateliti imeona", hana la kujibu. Akiambiwa "sateliti imepima", anaweza kuuliza: ilipima lini, mara ngapi, nani alilipia, na nani aliyefasiri? Taswira ikiwa ni bidhaa inayouzwa na kampuni, maswali hayo ni haki yake, na wajibu wa mfasiri ni kutoyafunga kwa kitenzi kimoja.