SOMO LA KOMPYUTA: JINSI YA KUPANGA UKURASA WA TANGAZO



Wapo wanaosema kupanga ukurasa ni mapambo tu. Sivyo. Chukueni mfano wa tangazo la kipindupindu, ugonjwa ambao watu wa kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Gitaza hadi Rumonge na Nyanza-Lac, wanaujua vizuri. Tangazo linamwambia mama achanganye lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Neno "nusu" likibaki mwisho wa mstari, na "kijiko cha chumvi" likashuka chini, mtu asiyezoea kusoma ataruka neno hilo na kutia kijiko kizima. Chumvi ikizidi, mtoto anayeharisha huumia zaidi.

Basi tuanze hapo. Katika programu ya LibreOffice Writer, kati ya "nusu" na "kijiko" usiache nafasi ya kawaida. Shikilia vitufe vya Ctrl na Shift, kisha bonyeza kitufe cha nafasi. Maneno hayo mawili hayataachana tena. Afadhali zaidi, kila kipimo kipewe mstari wake. Tena andika "nusu" kwa herufi, kwa sababu 1/2 ikitolewa fotokopi mbaya huonekana kama 12.

Zamani gazeti lilipangwa kwa mkasi na gundi. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Marekani ilitoa PageMaker, na kazi hiyo ikahamia kwenye kompyuta. Siku hizi ipo Scribus, ambayo hailipiwi, na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti.

Fungua Scribus, chagua karatasi ya A4 (milimita 210 kwa 297). Acha pambizo ya milimita 20 kila upande, kwani printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Zinabaki milimita 170. Gawa safu mbili zenye nafasi ya milimita 6 katikati, na kila safu itapata milimita 82. Jicho huchoka likifuata mstari mrefu kutoka ukingo hadi ukingo, na likirudi hupotea.

Maandishi hukaa ndani ya fremu. Kama habari ni moja na ni ndefu, unganisha fremu ya kwanza na ya pili ili maneno yanayozidi yahamie yenyewe. Lakini kama ni tangazo la lugha mbili, Kirundi kushoto na Kiswahili kulia, usiziunganishe kamwe! Ukiongeza sentensi moja ya Kirundi, mwisho wake utaingia juu ya Kiswahili, na hapo hakuna atakayeelewa kitu.

Jambo jingine ni kukata maneno. Kompyuta nyingi hufuata kanuni za Kiingereza au Kifaransa, hivyo huweza kuandika "wak-imbizi". Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kwa hiyo ni wa-ki-mbi-zi. Zima ukataji huo. Usiogope pia mistari myekundu chini ya kila neno. Mashine isiyowekewa Kiswahili haikijui, wewe unakijua.

Herufi za habari ziwe na ukubwa wa pointi 12, kichwa pointi 20 au zaidi. Tangazo la kubandikwa ukutani lahitaji kubwa kuliko hizo. Msiandike tangazo zima kwa herufi kubwa tupu: maneno yote hupata umbo moja na kusoma huwa polepole. Wengi hupenda pia kuweka rangi ya kijivu nyuma ya jambo muhimu. Kwenye kioo inapendeza. Kwenye fotokopi kijivu hugeuka madoa meusi, na jambo muhimu ndilo linalofutika. Tumia fremu yenye mstari mwembamba.

Zoezi: panga tangazo la vipimo vile vitatu kwenye nusu ya karatasi ya A4. Litoe fotokopi, kisha ufotokopi hiyo fotokopi. Libandike ukutani, umwite jirani ambaye hajaliona, asimame hatua tatu mbali na asome vipimo kwa sauti. Akisitasita kwenye chumvi, rudi kwenye kompyuta.