Mutoto wa maziwa ya mukebe anayerudisha maziwa

SOMO LA AFYA YA FAMILIA



Leo tunaacha kidogo mambo ya mashamba, tunazungumza juu ya mutoto. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora, peke yake, tangu kuzaliwa mupaka miezi 6. Lakini katika vijiji vyetu kuna watoto ambao mama yao amekufa ao iko mugonjwa sana, na jamaa inawalea kwa maziwa ya unga ya mukebe. Wengi wanarudisha maziwa kila siku. Jamaa inaogopa, na kwa woga inafanya mambo yanayoweza kumuua mutoto.

Kwa nini anarudisha?

Mulango kati ya koo na tumbo la mutoto mchanga haujakaza bado. Ni kama bidoni isiyofungwa vizuri: ukiijaza sana ao ukiilaza, inamwaga. Mara nyingi inaanza kabla ya wiki 8, na watoto 9 kati ya 10 wanaacha kabla ya kufikisha mwaka 1. Kama mutoto anacheka, anakojoa vizuri na kilo zinapanda, hahitaji dawa. Anahitaji kunyweshwa vizuri. Usihesabu nguo zilizochafuka, hesabu kilo. Basi mupeleke CPS kila mwezi.

Mambo 5 ya kufanya

1. Pima sawasawa. Soma mukebe. Mingi inaomba kijiko chake 1 cha unga kwa mililita 30 za maji, lakini si yote. Weka maji kwanza, kisha unga. Sawazisha kijiko kwa kisu safi. Hapana kuongeza maji ili mukebe udumu! Tumbo linajaa maji, mutoto anarudisha zaidi, kilo zinashuka, na maji mengi yanaweza kumuletea degedege. Hapana kuzidisha unga pia.

2. Kidogo kidogo, mara nyingi. Kwa siku nzima mutoto anahitaji mililita 150 hivi kwa kila kilo yake. Mutoto wa kilo 5 anahitaji 750. Ukigawa mara 6, ni 125 kila mara. Ukigawa mara 8, ni 94 hivi, na tumbo halijai sana. Akigeuza uso, ameshiba; usimulazimishe.

3. Usafi. Chemsha maji, changanya na unga kabla ya dakika 30 kupita, maji yakingali ya moto sana, juu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Poza chombo ndani ya maji baridi, kisha jaribu tone moja kwenye mukono. Maziwa yakipita masaa 2, mwaga. Ukienda shamba, usibebe maziwa yaliyochanganywa: beba maji ya moto kwa temosi na unga uliopimwa katika chombo safi, kikavu. Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko biberoni.

4. Mushike wima. Katikati ya kunywa na mwisho, mushike begani atoe hewa. Kisha akae wima dakika 20 mupaka 30. Usimufunge mugongoni mara moja, kitenge kinabana tumbo. Baba, nyanya ao dada mukubwa wanaweza kumushika.

5. Alale chali. Wengine wanaogopa mutoto atapaliwa. Lakini ni kulala kifudifudi ndiko kunaweza kumukosesha pumzi.

Mambo ya kuacha

Usimupeleke mutoto akatwe kilimi ao ang'olewe «meno mabaya». Damu inaweza kutoka mupaka anakufa, na kutapika hakuishi. Usimuwekee lavema ya majani. Kama hajafikisha miezi 6, usimupe uji, maziwa ya ng'ombe ao ya mbuzi. Maziwa mazito ya sukari si ya mutoto mchanga hata kidogo.

Kimbia kituo cha afya, hata usiku, kama:

- anatapika majimaji ya kijani ao damu;
- anatapika kwa nguvu, yanaruka mbali, kila akinywa, kisha iko na njaa tena (hasa kati ya wiki 2 na 8);
- iko na homa, anaharisha ao tumbo limevimba;
- hakojoi, macho ao utosi umebonyea;
- amelegea, anakataa kunywa, anapumua vibaya ao ana degedege.

Kama kilo hazipandi, usingoje CPS inayofuata. Njiani endelea kumupa maziwa kidogo kidogo. Lakini kama anatapika kijani ao damu, ao amelegea sana, usimunyweshe kitu: nenda mara moja.

Maswali ya kuzungumza katika mukutano

1. Mukebe ni ghali, na hapo ndipo watu wanaanza kuongeza maji. Je, sanduku ya musaada ya AVEC yetu inaweza kusaidia jamaa inayolea yatima mupaka afikishe miezi 6?
2. Katika kijiji chetu, nani analea mutoto kwa maziwa ya mukebe? Nani atamutembelea wiki hii aone namna anapima?
3. Usiku, mutoto akizidiwa, nani iko na pikipiki ya kumufikisha kwa muganga?

Mwenye kusoma amusomee mwenzake asiyejua kusoma.