Mlimani Nguvu Hazitoshi

Wengine wetu wanasema tukimaliza Kidato cha Nne tutaupanda Kilimanjaro, ule mlima tunaouona tukienda Taveta. Vizuri, lakini someni haya kwanza.

Voi iko karibu mita 600 tu juu ya bahari. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote Taita, kina mita 2,208. Kilimanjaro una mita 5,895! Kule juu oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, kama hapa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kileleni ni karibu nusu ya ule wa Mombasa. Basi kila ukivuta pumzi, unapata oksijeni karibu nusu tu. Moyo hudunda mbio, miguu huwa mizito, usingizi huruka. Baridi na kiu nazo huzidisha uchovu.

Eti mwenye misuli haugui? Wapi! Hata mwanariadha huugua akipanda haraka, maana mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea. Ndiyo sababu waongozaji husema, “Pole pole.” Kichwa kikiuma na ukitapika, usifiche wala usiendelee kupanda. Ukizidiwa, teremka mara moja. Kilele hakihami, uhai ukitoka haurudi.