Aliyekula Yuko Wapi? Mafunzo Niliyopata kwenye Meza ya Uhariri

Kwenu mnaoandika Kiswahili leo na Kiingereza kesho: kuna methali ya Waingereza inayojitokeza mno katika makala zenu, "the proof of the pudding is in the eating". Naipenda, ndiyo maana nataka itumike sawasawa.

1. Iandike nzima

Wengi huikata ikabaki "the proof is in the pudding", kana kwamba ushahidi umefichwa ndani ya chakula. "Proof" hapa ina maana yake ya zamani: kujaribu, kupima. Na pudding ya enzi hizo mara nyingi ilikuwa utumbo uliojazwa nyama, nafaka na viungo ukachemshwa, ndugu wa mutura wa Nairobi. Kwa kuutazama tu hujui umejazwa nini, sharti uonje. Ukiondoa kula, methali imekwisha.

2. Mawingu bado si mvua

Nilishangaa kuona wafasiri hodari wakiigeuza kuwa "dalili ya mvua ni mawingu". Hiyo hubashiri. Ya Waingereza hukataa kubashiri, husubiri jambo litendeke. Mara nyingi "tutaona likitumika" yatosha. Pierre Motteux, aliyeitafsiri Don Quixote kwa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 18, alikuta kwa Kihispania kwamba mambo yataonekana mayai yakikaangwa. Akayaacha mayai, akaleta pudding: picha ikabadilika, maana ikabaki.

3. Mlete mlaji

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kijana mmoja aliniletea habari ya mradi wa maji: utepe umekatwa, hotuba zimetolewa, gharama imetajwa, na mwishoni kaiweka methali hiyo. Nikamuuliza, "Mwanangu, nani amechota?" Kimya. Hakuwa amezungumza na mtu hata mmoja aliyebeba ndoo.

Akapiga simu kijijini, akampata mama anayeishi jirani na kioski cha maji. Mama akamweleza: maji hutoka alfajiri, jua likipanda bomba limekauka, na wengine wamesharudi kisimani. Habari nzima ikageuka. Maneno ya mama yakapanda aya ya kwanza, hotuba zikashuka, na methali tukaifuta kwa kuwa haikuwa na kazi tena.

Siku hizi nikiikuta kwenye rasimu, naandika pembeni: aliyekula yuko wapi? Kama hajapatikana, mwandishi aseme wazi kwamba mradi bado haujapimwa, kisha aweke kwenye shajara yake tarehe ya kurudi kuuliza.