Betri Kwanza, Paneli Baadaye: Jinsi ya Kufunga Kontrola ya Sola

Wateja wetu wengi hununua vifaa vya sola kupitia simu: leo paneli, mwezi ujao betri, halafu kontrola. Ukishalipa, kuna jambo moja linaloweza kuokoa pesa hizo au kuziunguza siku ya kwanza: mpangilio wa kuunganisha waya. Hebu tuupitie pamoja.

Kontrola inafanya nini?

Paneli inayoitwa ya volti 12 haitoi volti 12 kamili. Jua likiwaka na ikiwa haijaunganishwa na kitu, inaweza kufika volti 21 au 22. Betri ya asidi ya volti 12 nayo huchajiwa kwa volti 14.4 hivi. Kontrola husimama katikati. Inapunguza chaji betri ikijaa, inazuia umeme kurudi kwenye paneli usiku, na nyingi hukata taa betri ikishuka sana.

Piga hesabu kabla ya kulipa

Chukua wati za paneli, ugawe kwa volti 18. Paneli ya wati 100 itakupa karibu ampea 5.5, kwa hivyo kontrola ya ampea 10 inatosha. Ukiongeza paneli nyingine kama hiyo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unafika ampea 11. Hapo kontrola ile imezidiwa. Angalia pia volti ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye kontrola, na usiipite.

Hatua za kuunganisha

Funika paneli kwa blanketi au gunia zito. Vua saa na pete. Kisha:

1. Betri. Weka kishikio cha fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri, lakini fyuzi yenyewe usiitie bado. Kwa kontrola ya ampea 10, fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita mraba 4 hufaa. Unganisha waya kwenye kontrola, halafu kwenye betri. Hakikisha chanya iko kwa chanya na hasi kwa hasi, ndipo utie fyuzi. Kontrola ikiwaka, chagua aina ya betri yako: asidi, jeli au lithiamu.
2. Paneli. Unganisha waya zake kwenye sehemu yenye picha ya paneli, kisha ondoa blanketi. Alama ya kuchaji inafaa kuonekana.
3. Taa. Hizi huja mwisho, kwenye sehemu yenye picha ya balbu.

Inveta usiifunge kwenye sehemu ya balbu. Inavuta umeme mwingi kuliko sehemu hiyo inavyoweza kubeba. Ifunge moja kwa moja kwenye betri, na iwe na fyuzi yake.

Kwa nini betri ianze?

Kontrola nyingi hupima betri ili zijue mtambo wako ni wa volti 12 au 24. Ukianza na paneli, kontrola haina betri ya kupima na inapokea volti zaidi ya 20. Inaweza kukosea mtambo, kuunguza taa zako, au kuharibika yenyewe.

Ndiyo maana unapofungua, unarudi nyuma: taa, paneli, halafu betri. Watu wengi hujisahau hapa. Jirani anakuja saa sita mchana kuazima betri ya kupigia muziki kwenye matanga, inang'olewa haraka haraka, na paneli inabaki imeunganishwa juani. Betri ikirudi jioni, kontrola imekufa. Kufunika na kutoa paneli kwanza ni kazi ya dakika chache tu.

Kabla hujaita fundi au kulipa

- Kama sola yako ni ya lipa pole pole, usifungue kisanduku chake. Piga simu kwa kampuni iliyokuuzia, la sivyo unaweza kupoteza dhamana.
- Kwa kazi kubwa ya nyumba nzima, muulize fundi leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi hapa Kenya.
- Unapolipa kwa nambari ya till, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Likitofautiana na jina la duka, simama kwanza uulize.
- Usifute SMS ya malipo. Iweke pamoja na risiti na kadi ya dhamana. Kontrola ikikufa ndani ya muda wa dhamana, SMS hiyo inaonyesha ulilipa nani, lini na pesa ngapi.

Andika maneno haya kwa kalamu ya wino mzito kando ya kontrola, ili yeyote nyumbani ayaone: *Kufunga, betri kwanza. Kufungua, betri mwisho.*